Sauti Iliyozunguka na Sinia

Makote, alasiri

Mwanangu Somoe,

Utaona ajabu baba yako kukuandikia barua wakati leo tutakula sahani moja na kesho nitakubebea begi mpaka stendi. Lakini mimi, mama, husema vizuri nikiwa peke yangu. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia jambo hili uso kwa uso, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula. Sasa umekwenda Lukuledi kumuaga shangazi yako, mama yako yuko uani anachemsha mizizi ya ming'oko ya safari, na mimi nimeswali alasiri nikachana karatasi kwenye daftari lako la chuo. Utanisamehe na hilo.

Ya sweta, ya baridi ya huko, ya kupiga simu na ya vijana wa mjini, mama yako ameshakumalizia. Mimi ninalo moja tu.

Mwezi uliopita uliponiambia umepata kazi kwenye shamba la maziwa huko Nyanda za Juu, na kwamba ng'ombe wa huko wanakamuliwa juu ya jukwaa linalozunguka, nilikujibu, "Mtoto wa kike hawezi kazi ile." Mama yako akanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Tangu siku hiyo unanisalimia shikamoo ya adabu, haina sukari ndani yake.

Neno lile lilikuwa uongo. Sikukataa kwa sababu wewe ni mwanamke. Nilikataa kwa sababu jukwaa kama hilo ndilo lililochukua mkono wa baba yako mdogo Bakari, na siku hiyo mimi ndiye niliyewekwa karibu na kitufe cha kulisimamisha. Wewe umekua ukiambiwa kwamba Bakari alipata ajali. Ni kweli, alipata ajali. Lakini habari haikuishia hapo, na wewe unakwenda kusimama palepale niliposimama mimi. Ukiondoka bila kujua nitakuwa nimekosa mara ya pili, na safari hii kwa mwanangu.

Unajua sisi watu wa huku juu hatuna asili ya ng'ombe. Tuna mikorosho, tuna mihogo, na kuku wa kumchinjia mgeni. Mimi nilikuwa na ndevu kabla sijamgusa ng'ombe hata mmoja. Tulipovuka Ruvuma, mimi na vijana wengine, tukapita Msumbiji tukitafuta maisha kusini, nilimkuta Bakari njiani. Yeye ni wa Chiungutwa, Myao, kwa hiyo mtani wangu, na utani ulianza kabla hatujajuana majina. Tulipofika kwenye lile shamba tukapewa mabuti ya mpira, Bakari alinionyesha ng'ombe akasema kwa sauti ya watu wote, "Mtani, huyu siyo panya. Usimtegee mtego."

Nikamwambia, "Na wewe usimkimbie. Huyu hali Wayao, anakula majani."

Tulicheka. Nyapara akatuuliza kwa lugha yake tunacheka nini, tukashindwa kumweleza.

Lile jukwaa sisi tuliliita sinia, kwa sababu ndivyo lilivyo: sinia kubwa la saruji na chuma, pana kuliko uwanja wa msikiti wetu, limegawanywa kwa vyuma kama vyumba vidogo pembeni mwake. Ng'ombe anapanda mwenyewe kutoka kwenye njia, anaingiza kichwa upande wa katikati, makalio yanabaki nje. Wewe umesimama chini, hutoki mahali pako, na kiwele kinakufikia hapa kifuani. Unaosha chuchu, unavika vikombe vinne, sinia linamchukua. Anayefuata ameshafika. Mpaka anamaliza kuzunguka maziwa yameisha, vikombe vimejivua vyenyewe, mwenzako wa upande wa pili amempaka dawa, ng'ombe anarudi nyuma na kushuka. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayepiga fimbo. Kulikuwa na mmoja tuliyemwita Bibi Harusi, maana hakutaka kushuka. Alikuwa anazunguka mara ya pili, kiwele kitupu, macho yamelegea, kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali.

Nakueleza haya ingawa umesomea, kwa sababu kuna jambo ambalo nadhani chuoni hawakulisema. Lile sinia halikimbii. Ukilitazama unaweza kudhani limesimama, mpaka uangalie ukuta. Mtu huogopa panga, huogopa pikipiki inayokuja kwa kasi. Hili halikutishi. Linakuja taratibu, na pampu inavuta pumzi, chwii, chwii, chwii, saa nzima, saa ya pili, mpaka usiku ukilala unakuta pumzi zako mwenyewe zimeshika mwendo ule.

Siku yenyewe ilikuwa mkamuo wa mchana. Kipande cha mpira kilikuwa kimeanguka chini ya sinia, kikanasa kwenye vigurudumu vya chuma vinavyotembea juu ya reli. Kila kigurudumu kikipita hapo, sinia linashtuka kidogo na ng'ombe wanashtuka. Ilitakiwa kuzima. Nyapara akakataa, akasema wakisimamishwa humo juu wataanza kusukumana. Bakari alikuwa mwembamba kuliko sisi wote. Akavua kofia.

"Mtani," akaniambia, "kaa na kitufe chako. Ukinisikia tu, bonyeza."

"Nikikusikia unasema nini?"

"Hata nikikohoa. Hata nikiimba kaswida. Bonyeza."

Kitufe kilikuwa chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, ukutani, hatua nne kutoka niliposimama. Bakari akalala kifudifudi, akaingia chini. Niliona visigino vya mabuti yake, halafu sikuviona. Mimi nikaendelea kuvika vikombe, kwa sababu ng'ombe hawakuacha kuja.

Hapa nakuomba usome polepole.

Nilisikia jina langu. Siyo hili unalolijua. Nilisikia jina langu la utotoni.

Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Mvulana akitoka jandoni anatoka na jina jipya, na lile la kwanza linaachwa hukohuko pamoja na nguo kuukuu. Anayekuita kwa jina lile amekutukana. Watu wameshatozwa kuku kwa neno hilo moja. Mama yako halijui langu, na sitaliandika hapa. Na tangu nitoke jandoni hakuna aliye hai aliyeniita hivyo. Aliyekuwa akiniita sana ni bibi yako, mama yangu, yule uliyepewa jina lake, naye alikufa kwa homa kabla sijaingia jandoni. Zamani hizo maji yalikuwa mtelemkoni, wanawake wanashuka alfajiri na kupanda na ndoo jua likiwa limekwisha kukomaa. Alipokaribia juu alikuwa ananiita nikampokee. Njia ile ina kona nyingi. Anaita, kona inameza sauti. Anaita tena, sauti inatokea upande mwingine, karibu zaidi. Mara ya tatu namwona. Nitakuficha nini? Siku nyingine nilikuwa najifanya sijasikia mpaka ile ya tatu, kwa sababu nilikuwa nacheza.

Basi sauti ya kwanza ilitoka upande wa mbali wa sinia. Ilikuwa nyembamba, ila kwenye mlio wa pampu sauti zote ni nyembamba. Nikaganda na vikombe mkononi. Nikasikiliza, hakuna. Sinia likaendelea. Ya pili ikatokea kulia kwangu, kwenye lango la kupandia. Ilikuwa inakuja, mwanangu. Aliyekuwa anaita kama vile alikuwa amekaa juu ya sinia na sinia linamleta kwangu. Na Bakari alikuwa amelala mahali pamoja, chini, upande wa kushoto.

Nilifundishwa na wazee kwamba sauti ukiisikia na mwenyewe humwoni, usiitike. Na sauti inayokuita kwa jina ulilolizika, hiyo hata usigeuze shingo. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy. Nilisoma kwa moyo wote, jasho linanitoka, na mikono yangu ikawa inavika vikombe yenyewe. Ya tatu ilikuja mbele yangu kabisa, kwenye chumba kilichokuwa kinapita. Ndani yake alikuwa ng'ombe mwekundu amenipa mgongo. Nikafumba macho, nikapandisha sauti ya kusoma.

Ikanyamaza.

Nikasema alhamdulillahi. Nakuapia nilijisifu. Nilijiona nimeshinda.

Halafu mlio wa mota ukabadilika, ukawa mzito kama mtu anayenyanyua gunia. Mwenzetu wa upande wa dawa akapiga ukelele, akaruka, akabonyeza kitufe chake. Sinia likasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike shamba lile nikasikia ng'ombe wote wakipumua.

Sitakueleza tulivyomtoa. Mkono wa kulia uliishia hapa chini ya kiwiko.

Sikumwambia mtu. Bakari alipokuwa hospitali nilikwenda kila Jumapili, nikakaa kitandani kwake, nikamlisha, nikamtania kwamba sasa hataweza kuniibia mboga. Alinitania na yeye. Hakuniuliza kwa nini sikubonyeza. Nikapata jibu langu mwenyewe la kunifanya nilale: nikasema ni Bakari aliyeniita. Alizidiwa na maumivu, likamtoka lile jina, labda alilisikia kwa mtu wa kwetu, na mimi kwa ujinga wa kuogopa jina nikamwacha. Sauti kuzunguka ni mambo ya chuma, chuma hupotosha sauti. Lilikuwa jibu chungu, lakini lilikuwa la watu wazima.

Tuliporudi kazini kulikuwa na chumba kimoja kwenye sinia ambacho ng'ombe walikataa. Ni kile kilichokuwa mbele yangu ile mara ya tatu. Wanafika mlangoni, wanaweka mguu, wanautoa. Tulikiosha kwa dawa mpaka saruji ikawa nyeupe. Nyapara akasema ni harufu. Basi kikawa kinazunguka kitupu, vikombe vyake vinne vinaning'inia vikinyonya hewa, na kila kikinifikia nilikuwa natazama chini. Nilikaa miezi michache, nikaaga, nikarudi nyumbani kulima korosho. Mama yako alifikiri nimechoka na ubaguzi. Nilimwacha afikiri.

Ndiyo maana siku ile uliponiwekea simu mbele yangu mkekani, unanionyesha picha ya lile jukwaa la huko uendako, unasema kwa furaha, "Baba, tazama, wanapanda wenyewe!", mimi niliinuka nikatoka nje. Ulidhani nimedharau. Sikudharau, mama. Niliinuka kwa sababu pampu ilianza, chwii, chwii, na nikajikuta nasikiliza.

Sasa nimalizie. Unajua Bakari ndiye msimamizi wa shamba hilo, ndiye aliyesimamia jina lako lipite. Wiki mbili zilizopita alinipigia kunipa hongera. Nikaona mtu huyu anakwenda kukaa na mwanangu, na mimi nimemla nusu ya mkono nikanyamaza. Nikamwambia nimekwenda kukaa chini ya mkorosho, anisikilize asinikatize. Nikamwambia yote. Kwamba nilimsikia akiita, mara tatu, na sikubonyeza, kwa sababu aliniita kwa jina la utotoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mtani," akasema, "jina lipi hilo?"

"Lile ulilonitajia."

"Mimi nalijuaje jina lako la utotoni? Tulikutana tukiwa na ndevu wote wawili. Na wewe ni wa Makote, mimi wa Chiungutwa. Nani aniambie?"

"Basi ulisemaje?"

"Sikusema. Nguo ndiyo iliyoanza kunasa. Mkono wa shati. Nikasema mwenyewe, hii naivuta tu inatoka. Niliona aibu kukuita kwa ajili ya shati, ungenicheka mwaka mzima. Nikavuta, nikavuta. Kile kigurudumu kilikuwa kinakuja polepole, nikaona muda ninao. Kilipofika kwenye vidole pumzi ikakata. Sikutoa hata kikohozi."

"Tangu shati linase mpaka vidole ni muda gani?"

"Sinia lilikuwa limekwenda nusu."

Nusu. Kutoka upande wa mbali mpaka mbele yangu ni nusu ya sinia, Somoe.

Nilikaa pale chini ya mkorosho mpaka mama yako akaja kuniita chakula.

Nimekwenda kwa sheikh. Nilimweleza bila kutaja watu. Akaniambia mtu akishakufa amali zake zimekatika, hatembei kwenye viwanda vya maziwa kuita watoto; itakuwa ni nafsi, au ni shetani. Mimi namheshimu na elimu yangu ni ya darasa la saba. Lakini nilipokuwa narudi njiani nilijiuliza, ni shetani gani huyu anayemwita mtu akamwokoe mwenzake? Na nikaona kwamba nilisoma aya tukufu kwa kumfukuza aliyekuja kunisaidia. Aya haina kosa. Kosa ni langu niliyeigeuza kuwa komeo la mlango, nikajifungia ndani na kitufe kiko nje, hatua nne. Ningeweza kuisoma huku natembea. Mungu asingekasirika.

Siwezi kukuambia aliyeniita ni nani. Namwombea dua bibi yako kila baada ya swala, na nimezidisha. Mengine namwachia Mwenye kujua. Ninachokijua ni kidogo: kwa muda wa nusu sinia nilikuwa na kazi moja, nikataka kwanza kujua ni sauti ya nani, ndipo niifanye.

Kwa hiyo kule ukisikia kitu, bonyeza. Ukisikia kikohozi, ukisikia jina lako, ukisikia jina la mtu mwingine, au ukihisi tu kwamba umeitwa na hujui na nani, bonyeza. Kwanza ule mtambo usimame. Kuchunguza nani kaita ni kazi ya baadaye, na kama ni jini basi atangoja. Watakucheka kwamba umewasimamisha ng'ombe wote hao bure. Waache wacheke, wana mikono ya kupigia makofi. Na shati likikunasa, piga kelele, mama. Usione aibu kwa ajili ya shati. Mimi na Bakari tulipoteza mkono ule kwa woga wangu na aibu yake, na yote mawili tulitoka nayo huku nyumbani, kwenye malezi mema kabisa.

Bakari amenisamehe. Alisema, "Ningekuwa na mikono miwili ningekupiga, lakini sasa nitakukosa." Halafu akasema mtoto aje, na kwamba yeye mwenyewe ndiye huwafundisha wapya, na somo lake la kwanza ni kitufe. Akasema huwatuma chini ya jukwaa likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Namwamini kuliko ninavyojiamini.

Wewe bado hujanisamehe, kwa sababu sijakuomba. Sasa nakuomba. Lile neno la mtoto wa kike nilitaka likushike miguu ubaki, na nililitafuta makusudi, nikijua litaumiza. Niliogopa kwamba huko utaitwa na wewe, na kwamba damu yangu iliyo ndani yako itasimama ilivyosimama. Lakini wewe siyo mimi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaitwa mara moja tu, ukafika kabla mtu hajafunga mdomo, mpaka wenzako wakawa wanakutania.

Barua hii nitakupa mkononi ukirudi, uisome hapa nyumbani, siyo kwenye basi, ili ukiwa na swali uniulize na nisiweze kukimbia. Nimeshamwambia mama yako kwamba nilisema uongo. Alinitazama, akasema, "Nilijua, ila sikujua ni upi." Asubuhi baada ya swala nitakuwa nimekaa kwenye kiti kile cha barazani. Sitakusukuma wala sitakuvuta. Ukitoka na begi nitalipokea, tuondoke. Ukitoka mikono mitupu, useme, "Baba, nimebaki," nitakupikia chai.

Lakini sitafurahi.

Baba yako